Mtaro wa Nyanya Chini ya Nyasi

Rafiki yangu, wiki iliyopita nilipanda kilimani kwetu Busasamana, nikakuta kila mteremko umechimbwa mitaro ya kushika maji ya mvua. Watoto wanairuka wakicheka. Mi, mama wa watu, niliizunguka.

Nilikuwa msichana mdogo, mwisho wa miaka ya tisini, tumerudi nyumbani kutoka Masisi, ng'ambo ya mpaka. Udongo wa volkano unakunywa maji kama mlevi, na kisima kilikuwa mbali, njia yenyewe ya kuogopesha: risasi zililia msituni hata mchana. Basi nyanya, mama yake mama, akafanya alivyozoea kule. Akachimba mitaro kukingama kilima, akatandaza nyasi kavu kwenye maharagwe. "Mvua ni mugeni," alisema. "Umupatie kiti, asiende mbio."

Lakini miaka ile, shimo jipya lenye urefu wa mtu, ee Mungu wangu, nani hakujua ni la nini? Jirani yetu alikuja, mkono mdomoni. "Mama, hii shimo iko ya nani?" Nyanya akacheka peke yake. Kesho yake kiongozi wa kilima akaja na watu wenye bunduki. "Fukia yote leo, ao utaenda kueleza mbele." Waliokwenda kueleza mbele hatukuwaona tena.

Tukafukia. Mtaro mmoja tu nyanya aliufunika nyasi juu juu, akaniwekea kidole mdomoni. Tangu siku ile nikiona mtu yeyote njiani, nilikimbilia ndani.

Jua likawaka. Maharagwe yakakauka kilima kizima, na yetu pia, isipokuwa mstari mmoja wa kijani upande wa chini wa ule mtaro. Kijani kile kilitusema! Nilitamani kukingʼoa chote.

Ndipo jirani akaingia shambani. Nikashika kitenge cha nyanya. Mama yule jirani akainama, akafunua nyasi, akachota udongo mbichi, akaufinya. Akatazama barabarani. Halafu akarudisha nyasi, akazipanga vizuri kutushinda sisi. "Mama," akanongʼona, "na kwangu utanionyesha lini?"

Nyanya hayupo tena, jirani naye hayupo. Hata ule woga, watoto wa leo hawaujui, na nashukuru. Mmoja wao alinicheka wiki iliyopita: "Mama, ruka! Iko maji tu!"

Najua ni maji, mwanangu. Miguu yangu ndiyo haijaambiwa.