Mkaratusi wa Mama Mkwe, Kasokola

Miti mibaya ya Mpanda yote imepita mikononi mwangu. Iliyoinamia nyumba, iliyokumbatia nyaya za umeme, iliyooza ndani ikabaki imesimama kwa kiburi: wakishindwa wengine, naitwa mimi. Shule niliachia darasa la nne. Chenso, ule msumeno wa mnyororo, nilijifunza kwa kuishika, na vidole vyangu vyote ninavyo. Waambieni mafundi wengine wanyooshe mikono muone.

Mti ulionitoa jasho kuliko yote haukuwa hata mrefu. Ulikuwa wa mama mkwe.

Sisi Wasukuma tuliokuja huku na ng'ombe wa wazazi wetu tuna heshima zetu. Mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hampeani mkono, hamtazamani usoni, mkikutana njiani mmoja anapisha mpaka kwenye majani. Miaka yote ya ndoa yangu, mama mkwe nilikuwa namjua zaidi kwa mgongo. Ni mgongo wenye heshima sana, ila siwezi kusema nilikuwa naijua sura.

Huyo mama alijenga nyumba Kasokola kwa mpunga wake mwenyewe, msimu baada ya msimu, akaiezeka mabati ya bluu. Mabati hayakuwa yamenyeshewa hata mvua moja. Na juu yake kulikuwa na mkaratusi ulioachwa na marehemu mumewe, tawi moja nene kama ng'ombe limelala hewani juu ya paa. Mkaratusi haukuambii unaangusha lini. Mama akamtuma mwanawe, shemeji yangu wa bodaboda, kwangu na ujumbe: "Mwambie mkwe, tawi likigusa bati langu, nitajua binti yangu hakuolewa na fundi."

Nikaenda.

Sasa sikilizeni nilivyoanza, maana kuna watu wanapanda mti kama wanapanda kitanda. Kwanza niliuzunguka mti wote, natazama juu, natafuta matawi makavu na nyuki. Nikavaa gambuti, miwani, pamba masikioni, na helmeti ya bodaboda ya shemeji. Shati nikalichomekea, kwa sababu chenso inapenda nguo inayopeperuka. Kiunoni kamba yangu mwenyewe, imefungwa kwenye shina, siyo kwenye tawi ninalolikata. Msicheke, nimeshamuona aliyefanya hivyo.

Tawi nikalifunga kamba mbili. Kubwa ilipita kwenye panda imara juu yangu, ikashuka, ikazungushwa kwenye shina chini ili uzito uliwe na mti, halafu mwisho wake ukaenda kwa shemeji, pembeni kabisa, ambako tawi lisingemfikia. Ya pili niliifunga kwenye ncha ya tawi, ikaning'inia upande wa shamba. Mpango ulikuwa mwepesi: nakata, tawi linaning'inia, nashuka, naivuta ile ya pembeni kuelekea shambani huku shemeji analegeza pole pole. Paa halijui hata kama kulikuwa na kazi.

Nikakata chini ya tawi kwanza, kidogo, ili gome lisichanike likanifuata. Halafu juu. Tawi likakatika, likashuka kidogo, likakaa kwenye kamba, safi kabisa. Nikazima chenso, nikatoa pamba, nikasema, "Shemeji, shika hapo hapo!"

Nikatazama chini. Mwisho wa kamba ulikuwa umeshikwa na khanga.

Mama mkwe. Amenipa mgongo, amejifunika kichwa, kamba ameikamata kama anavuta fahali mnadani. Shemeji alikuwa amepigiwa simu na abiria wa Sitalike. Chenso ikinguruma sikusikia hata pikipiki ikiwaka. Majirani wote walikuwa mnadani. Ningesema kamba ifungwe kwenye shina, shemeji asubiriwe, lakini upepo ulishaanza, tawi linayumba, na kila likirudi linarudi karibu zaidi na bati.

Nyuma ya jiko kulikuwa na mbuzi jike amefungwa. Mama mkwe akamgeukia.

"Wewe mbuzi," akasema kwa sauti ya juu. "Huyo aliyeko juu aambiwe kijana kaenda Sitalike. Na aambiwe mikono yangu siyo ya chuma."

Mbuzi akatafuna. Mimi ni mtu mzima, nimelelewa. Kumjibu mama mkwe moja kwa moja siwezi. Nikaiinamia chenso yangu.

"Chenso," nikasema, "mwenye kamba aambiwe asante sana. Aambiwe asilegeze kwanza, nashuka."

"Mbuzi, mwambie tumesikia."

Nikashuka, nikapita mbali naye, uso nimeuelekeza shambani, nikaikamata kamba ya pembeni. Tukawa tumesimama hivyo, yeye kanipa mgongo, mimi nimempa wangu, tawi lipo katikati yetu juu ya mabati ya bluu, na hakuna kati yetu anayelitazama. Katika kazi zangu zote sijawahi kuona tawi linashushwa na migongo miwili.

Nikajikaza, nikageuza shingo kidogo. Tawi lilikuwa limeelekea shambani, pazuri. Nikamwambia mbuzi, maana chenso nilishaiweka chini:

"Mbuzi, tafadhali, mama aliyeshika kamba aombwe, kama hatajali, alegeze kidogo, kiasi cha mkono mmoja hivi, halafu..."

Kabla sijamaliza, upepo ukalirudisha tawi juu ya paa, na mama ndiyo kwanza anaanza kulegeza.

"Asilegeze! Mbuzi! Aambiwe asilegeze!"

Majani yakapita juu ya bati, shwaaa, kama mtu anafagia.

"Mbuzi," akasema mama, na sasa sauti inatetemeka kwa uzito, "huyo mkwe ana maneno mengi kuliko mchungaji. Tawi haliwezi kungoja hotuba."

Na ukweli ni huo, na mimi nauweka hapa kwa sababu vijana wengi wanakufa kwa kutoujua: amri ya kazi ni neno moja. Mkubaliane kabla hamjaanza. Legeza. Shika. Basi. Na mnaoitumia kamba moja lazima mtazamane.

Upepo ukavuta tena. Hapo mama mkwe akageuka. Akageuka mzima mzima, khanga ikamwanguka mabegani, akanitazama usoni. Nikajikuta namtazama na mimi. Ana mwanya kama wa mke wangu. Sikuwa najua.

"Mkwe! Sema neno moja!"

"Legeza!" nikapiga kelele.

Akalegeza. Nikavuta.

"Shika!"

Akashika. Nyie, yule mama alishika! Kamba ikalia kwenye shina.

"Legeza! Shika! Legeza!"

Katikati ya hapo pikipiki ikaingia uani. Shemeji karudi, abiria kaghairi njiani, anakuta mume wa dada yake anamfokea mama yake mzazi, wanatazamana macho kwa macho, bila aibu. Akaitupa pikipiki chini.

"We shemeji! Unamfokea mama? Mama yangu huyu?"

"Shika!" nikasema.

"Unaendelea?"

"Wewe nyamaza!" mama akamwambia. "Yuko kazini. Kama una mikono shika kamba, kama una mdomo rudi Sitalike!"

"Lakini mama, mila..."

"Mila si imeshavunjika yote tayari? Mkwe, sema!"

"Legeza!"

Tawi likashuka likipita pembeni ya ukingo wa paa, likalala shambani kwenye mabua ya mahindi, taratibu, kama mgonjwa analazwa. Wote watatu tukakaa chini pale pale. Viganja vya mama vilikuwa vyekundu.

Akainuka wa kwanza. Akazunguka nyumba yake akitazama juu, bati kwa bati, amekunja uso. Halafu akaniita mwenyewe, kwa mkono:

"Mkwe, njoo uone hapa."

Nikasimama karibu naye, jambo ambalo asubuhi ile ningeapa haliwezekani. Pembeni ya paa, kwenye bati la mwisho, kulikuwa na mkwaruzo mrefu, na ndani yake unga wa gome, mbichi kabisa, bado unanukia mkaratusi.

Mama akajitanda khanga yake vizuri.

"Mkwaruzo huu," akasema, "siyo wa leo."

"Hapana, mama," nikamjibu mwenyewe, bila kupitia kwa mbuzi. "Mabati ya siku hizi yanakuja na mikwaruzo tangu dukani."