Dole Gumba la Stumai

Stumai binti Alute alidhulumiwa cheti chake, na aliyemdhulumu ni Gasto, katibu wa kijiji chao kule Issuna. Hakuvunja mlango wala hakumpiga. Alimshika mkono mchana kweupe, akalikandamiza dole gumba lake kwenye wino, kisha kwenye karatasi, na karatasi ile ikasema jambo ambalo Stumai hajawahi kulisema tangu azaliwe.

Watu wakisimulia habari hii huanzia kwenye mkutano. Afadhali ianzie kwa mbwa.

Mwaka wa sabini na nne watu walitolewa kwenye maboma yao ya zamani wakapangwa kwenye kijiji kipya, nyumba kwa mstari. Kila kaya ilikuja na mbwa wake. Mbwa waliozoea kulinda kila mmoja boma lake, na jirani yuko ng'ambo ya kilima, wakajikuta wanapumuliana puani. Wakaumana usiku na mchana. Paka wao walikataa kuhama. Walibebwa kwenye vikapu, wakafika, na kabla ya wiki kwisha walikuwa wamerudi kwenye mahame kulala juu ya kuta zilizobomolewa, huku panya wakila uwele katika ghala la kijiji. Mvua za kwanza zilipoanza, mwanamke mmoja aliyeitwa Hana akaumwa na mbwa ambaye hakuna aliyejua ni wa nani. Wiki sita baadaye akafa, akilipigia kelele bakuli la maji kana kwamba ni nyoka.

Ndipo agizo likaja kutoka wilayani kwamba kila kijiji kitoe mtu mmoja akasomee utunzaji wa mbwa na paka. Yalikuwa mafunzo ya ngazi ya kwanza, miezi mitatu, kwenye kambi ya mifugo nje ya mji wa Singida. Asiyejua kusoma angepokelewa, na mtihani wake ungekuwa wa mdomo na wa mikono. Akifaulu angepewa cheti, na mwenye cheti ndiye angekuwa mhudumu wa kijiji na kushika ufunguo wa sanduku la dawa.

Mkutano ulicheka mpaka watu wakashika mbavu. Mzee Mazengo, mtu wa kutoka upande wa Ugogo aliyehamia zamani, alisema mbwa wake amepata shule kabla yake, basi atamsalimia shikamoo. Hakuna mwanamume aliyenyoosha mkono. Stumai akanyoosha.

Alikuwa mjane aliyevuka miaka arobaini. Baba yake alikuwa mwindaji, na yeye alikua akilala na mbwa mlangoni, akijua mguno wa njaa na mguno wa hasira. Kwao mbwa hapewi jina la bure. Mtu aliyekosana na jirani humwita mbwa wake lile neno analoshindwa kumwambia jirani usoni, na kila jioni huliita kwa sauti kubwa, kijiji kizima kisikie. Majirani walipomla mbuzi wa mzee Alute wakasingizia fisi, mbwa wake aliyezaliwa mwezi ule aliitwa Mlimla. Aliitwa hivyo miaka tisa.

Idrissa, shemeji yake, alimjia nyumbani kumkataza. Alisema mate ya mbwa ni najisi, na mwanamke wa Kiislamu atasalije na mikono hiyo. Stumai alimjibu kwamba maji yapo na udongo upo, ataosha mara saba kama ilivyoamriwa. Akaenda. Akaosha mara saba, kila alasiri, miezi mitatu, mpaka wenzake kambini wakamtania kwamba mkono utaisha kabla ya mtihani.

Mwalimu wao alikuwa bwana mifugo Nathanaeli, Mnyiramba wa pande za Kiomboi, kijana mpole asiyemcheka asiyejua kusoma. Alimfundisha kumsogelea mbwa kwa ubavu bila kumkazia macho, kumfunga mdomo kwa utepe wa kitambaa, kutoa kupe bila kuacha kichwa chake kwenye ngozi, kupima dawa ya minyoo kwa uzito wa mnyama. Alimfundisha kwamba paka aliyehamishwa hufungiwa ndani wiki tatu na kulishwa na mkono mmoja, ndipo asahau alikotoka. Zaidi ya yote alimfundisha hesabu ya siku kumi. Mbwa aliyemuuma mtu hauawi. Hufungwa, hulishwa, hutazamwa. Akiwa na kichaa, hatamaliza siku kumi. Akizimaliza akiwa mzima, aliyeumwa naye atapona.

Stumai alisikitika sana kusikia hivyo. Kwao mbwa aliyeuma alipigwa mawe papo hapo, na jibu likazikwa pamoja naye.

Wiki ya tisa paka wa kambini alimng'ata dole gumba la kulia, jino likachana nyama kwa mshazari. Nathanaeli aliliosha kwa sabuni muda mrefu, akalifunga, akamwambia, "Mama, hiki ndicho cheti cha kwanza. Cha karatasi kitafuata." Kovu likabaki, mstari mmoja uliolala upande.

Siku ya mtihani aliulizwa maswali ishirini, akajibu kumi na tisa. Alipewa mbwa mkali wa mlinzi, akamfunga mdomo, akamwosha, akamfungua, na mbwa akalala miguuni pake. Nathanaeli aliandika, Stumai akaweka dole.

Jioni ile Gasto alifika na lori kuwachukua wahitimu wa upande wao. Alikuwa mchangamfu, akamsifu mbele ya watu, akamwambia ameleta heshima Issuna. Kisha akatoa karatasi nyingine. Alisema ni ya safari ya lori, kila abiria anaweka. Wino ulikuwa bado haujakauka kidoleni. Stumai akaweka, akashukuru. Aliyekuwa amepanda lori lile kama abiria wa kawaida, ametulia pembeni na mkoba wake, ni Cecilia, mdogo wa mke wa Gasto, msichana aliyemaliza darasa la saba na kukosa kazi.

Baada ya mwezi mkutano uliitishwa. Nathanaeli alikuja mwenyewe na bahasha na sanduku la dawa. Stumai alikuwa amevaa kanga mpya, amekaa mbele. Bwana mifugo akafungua bahasha, akasoma, akasita, akasoma tena. Jina alilolitamka lilikuwa la Cecilia.

Stumai alidhani amekosea mstari. Alitabasamu kabisa, akimsubiri ajisahihishe. Aliona Cecilia akiinuka, akipokea, watu wakipiga makofi kwa mazoea, na tabasamu lake lilibaki pale pale usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Kisha akasimama. Alisema mtihani aliufanya yeye.

Gasto hakukasirika. Alitoa karatasi mfukoni akaisoma taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa. "Mimi Stumai binti Alute, kwa kuwa sijui kusoma wala kuandika na siwezi kujaza daftari la dawa, naomba kwa hiari yangu nafasi yangu na matokeo yangu aandikiwe msaidizi wangu, Cecilia." Akaigeuza, watu waione. "Dole ni la nani, mama?"

Lilikuwa lake. Mtu yeyote angeweza kukana dole, maana madole ya watu hufanana machoni. Lake lilikuwa na mstari uliolala upande, mweupe katikati ya wino. Kovu alilolipata kwa kusoma ndilo lililoshuhudia kwamba hakutaka cheti. Stumai alikitazama kidole chake, akaitazama karatasi, akakitazama kidole tena. Akamgeukia Nathanaeli, mtu aliyelifunga kovu lile kwa mikono yake. Nathanaeli aliinama akaanza kufunga kamba za viatu vyake, ambazo zilikuwa zimefungwa.

Stumai akaketi. Siku ile na siku tatu zilizofuata hakutoka nyumbani. Wanawake walimletea uji, wakidhani amepatwa na maradhi.

Cecilia alishika ufunguo. Daftari alilijaza vizuri, mwandiko wa kupendeza, lakini mbwa hawasomi. Alikuwa akiwaendea kwa mbele, mkono juu ya kichwa, macho kwa macho. Mwezi wa pili wa mvua alimwendea hivyo mbwa wa mzee Mazengo, aliyeitwa Nimenyamaza kwa sababu ya ugomvi wa kiwanja, na Nimenyamaza akamuuma kiganja mpaka mfupa.

Mto ulikuwa umefurika na lori halikuweza kwenda mjini kwenye sindano. Gasto akamwita mgambo na bunduki. Stumai alikuwa akipalilia. Aliposikia aliliacha jembe shambani, akakuta mbwa amefungwa mtini na mgambo amekwisha kulenga.

Alisimama kati yao. "Ukimuua huyu," alimwambia Gasto, "hutajua shemeji yako atakufa au ataishi. Nipe siku kumi."

"Wewe si mhudumu, mama."

"Basi mwite mhudumu akwambie."

Mhudumu alikuwa chini, ameukumbatia mkono unaotoka damu. Mgambo akashusha bunduki bila kuamriwa.

Stumai aliuosha mkono wa Cecilia kwa sabuni muda mrefu, kama dole lake lilivyooshwa. Akamchukua mbwa kwake, akamfunga ndani ya zizi tupu, akamlisha ugali na maji asubuhi na jioni. Kila asubuhi Cecilia alikuja akasimama mbali na zizi, uso umesawijika, akauliza kama mbwa amekunywa maji. Alikuwa amemwona Hana akifa.

Siku ya nne alipiga magoti. Alisema hakuijua ile karatasi mpaka ilipokwisha kuandikwa, kwamba shemeji yake alimwambia mama Stumai amechoka na ameridhia. "Nikipona, mama, nitasimama mkutanoni niseme. Nakuapia kwa mkono huu."

Stumai alimwambia mbwa amekunywa, arudi kesho. Lakini siku zile sita zilizobaki alimtazama mbwa yule kuliko alivyowahi kumtazama mtu. Mbwa alipokohoa, alikohoa naye. Ndani ya tumbo la mnyama yule mlikuwa na uhai wa msichana na jina la Stumai mwenyewe, vyote viwili.

Siku ya kumi Nimenyamaza alikula, akanywa, akatikisa mkia, akamrukia Stumai akamchafua kanga.

Mto ulipopungua, mkutano ukaitishwa. Gasto alisoma taarifa inayopelekwa wilayani. Ilisema kwamba kwa juhudi za mhudumu wa kijiji, ndugu Cecilia, mbwa mmoja aliyeuma alitazamwa siku kumi kwa kufuata mafunzo, na maisha ya mwananchi yameokolewa. Akauliza kama kuna mwenye nyongeza.

Stumai alimtazama Cecilia. Watu kadhaa nao walimtazama, maana kijijini hakuna siri ya zizi. Cecilia alikuwa na kitambaa cheupe mkononi, mkono ule alioapia. Aliinua macho mpaka kwenye viatu vya Gasto, yakaishia hapo. Taarifa ikapita kwa makofi.

Wakati wa cheti Stumai alishangaa kama mtu aliyepigwa. Safari hii alishangaa kama mtu aliyemwopoa mwenzake mtoni, kisha mwenzake huyo akamsukuma majini. Hakujua dhuluma ipi ni kubwa zaidi.

Mzee Mazengo hakupiga makofi. Jike lake lilipozaa na Nimenyamaza, alimletea Stumai mtoto mmoja wa kiume, mwekundu, akamwambia asimlipe chochote, ampe jina tu. Stumai akamwita Rudisha.

Rudisha amekwisha kuwa mkubwa. Kila jioni, watu wanapotoka shamba na Gasto anapofunga mlango wa ofisi, Stumai husimama kwenye njia ya katikati ya kijiji na kumwita mbwa wake, mara tatu, kwa sauti ya baba yake. Mbwa hufika mara ya kwanza. Zile mbili nyingine si zake.

Cecilia anadaiwa neno moja aliloapa kwa mkono uliopona. Nathanaeli, kule Kiomboi alikohamishiwa, anadaiwa ushahidi wa kovu alilolifunga mwenyewe. Gasto anadaiwa cheti kilichoandikwa Stumai binti Alute, kisomwe mbele ya watu wale wale, kwa sauti ile ile aliyosomea karatasi. Hajakitoa.