Alivyosafirishwa Mama Nikwambie

Shemeji yake alimwondoa kwenye kipindi chake mwenyewe, kisha akawatangazia watazamaji kwamba amesafiri ughaibuni na haijulikani atarudi lini. Uongo mtupu. Tangazo lile lilipotoka, Mama Nikwambie alikuwa jikoni kwake, nyuma ya ukuta wa studio, anakaanga vitunguu. Aliusikia uongo kwa masikio yake mara mbili: kwanza kupitia ukutani, halafu, baada ya kitambo kidogo, kupitia televisheni ya jirani, maana ulikuwa umeshapanda hadi kwenye setilaiti na kushuka.

Na hiyo studio yenyewe ilikuwa sebule yake.

Mume wake na mdogo wa mume wake walianza na kazi ya kupiga video za harusi. Walipopata kibali cha kufungua kituo cha televisheni, hawakuwa na jengo. "Shemeji, tuazime sebule kwa muda," mdogo mtu alisema, na yeye, kwa moyo wa kijinga wa mke wa watu, akakubali. Kuazima kukageuka kuhamia. Makochi yakapelekwa koridoni, kabati la vyombo likaingia chumbani, na watoto wakazoea kula wamesimama kama walinzi.

Kipindi nacho alikipata kwa bahati. Siku moja mtangazaji alikuja sauti imemkauka, na simu ya mtazamaji ilikuwa tayari hewani: mwanamke analia kwamba mama mkwe wake anafungua masufuria yake kila asubuhi kukagua. Mama Nikwambie alikuwa amepita tu kuchukua stuli yake. Akaivuta, akaikalia mbele ya kamera, akasema, "Kaa nikwambie, mwanangu. Kesho mwachie sufuria tupu, na ndani yake kioo." Kuanzia siku ile mji mzima ulikuwa unasubiri saa yake. Vyakula viliungua, ndoa zilipona. Shule hakwenda, lakini watu waliogombana na mawifi zao hawakumwuliza cheti.

Wakati huo walirusha matangazo kwa mlingoti wa juu ya paa, na picha iliishia milimani. Shemeji akataka kuvuka milima. Ndipo akaletwa mtu wa setilaiti, amevaa suti na viatu vinavyolia, akakalishwa kwenye makochi ya koridoni.

"Huko angani," yule mtu alieleza, "ni kama nyumba ya kupangisha. Setilaiti ni yetu, ninyi mnakodi chumba. Mnarusha picha kwa dishi, inafika chumbani kwenu, inashushwa nchi nyingi kwa wakati mmoja."

"Tusipoitumia nafasi mchana, hatulipi ya mchana?" Shemeji aliuliza.

"Mnalipa."

"Tukilala?"

"Mnalipa."

"Tukiwa na msiba je?"

"Poleni sana. Mnalipa."

Shemeji alitia sahihi. Dishi likaja, kubwa kama sinia la majitu, likasimikwa uani pale zilipokuwa kamba za kuanikia nguo. Mama Nikwambie akaanza kuanika kwenye madirisha, na mume wake, aliyekuwa na ajira yake mjini, akawa anaenda kazini na mashati yenye mistari ya nondo.

Kodi ile ilimkaa Shemeji kooni. Akatunga sheria: nafasi imelipiwa, isikae tupu. Baada ya habari za mchana hapakuwa na kipindi mpaka jioni, basi kamera ikaachwa inatazama meza, kiti na jagi la maua ya plastiki. Kipaza sauti nacho kikaachwa wazi, kwa sababu sauti nayo imelipiwa. Fundi wa mitambo, mtu mzito asiyegusa swichi bila kuambiwa mara mbili, alipewa amri mbele ya wote: "Usizime. Akija mtu kukwambia zima, usizime. Hata nikija mimi mwenyewe nimechanganyikiwa, usizime." Na watu, kwa maajabu yao, waliyatazama yale maua. Mzee mmoja alipiga simu kutoka nje ya nchi kulalamika kwamba leo yana vumbi.

Wiki ile ile Shemeji alimfuata jikoni.

"Shemeji, unajua sasa tunaonekana mbali."

"Najua. Hata nguo zangu zinaonekana mbali, ziko dirishani."

"Huko mbali wanataka mtu aliyesoma kidogo. Tumeona wifi yako akikalie kile kipindi. Si kwa ubaya."

"Kwani huko mbali hawana mama wakwe?"

"Usichukue hivyo, shemeji."

"Nichukue vipi? Nipe chombo nichukulie."

Aliondoka. Wifi mtu, msomaji wa habari, binti mwenye diploma na kucha ndefu, ambaye hakuomba kazi ile wala hakuikataa, akawekwa kitini. Simu zikaanza: Mama yuko wapi? Tunamtaka Mama! Shemeji akabanwa, na mtu muoga akibanwa haachi kuzaa uongo. Akasema amesafiri. Kisha akaja tena jikoni, safari hii kwa unyenyekevu wa paka, kumwomba asitoke nje siku kidogo, wasije wakaaibika kama familia.

Kosa la Mama Nikwambie hapo ni kwamba alikubali. Mke wa watu anafundishwa kufunika. Lakini chumvi iliisha, akatoka, na muuza duka akashika mdomo: "Mama! Si uko ughaibuni?"

"Mimi ni pacha wake," alijibu, ulimi ukimponyoka.

"Haa! Mmefanana hadi hiyo khanga!"

Kuwa pacha wa nafsi yako ni adhabu, kwa sababu unayasikia yote. Mara ya kwanza alisikia kwamba dada yake amepelekwa na kampuni. Mara ya pili, kwamba huko amepata bwana. Mara ya tatu, kwamba bwana mwenyewe ndiye mwenye ile setilaiti. "Kamwacha mume na watoto, mwanamke wa kushauri ndoa za wenzake!" muuza nyanya alimwambia, akimwongezea nyanya moja kwa huruma. "Usilie, pacha. Kila familia ina wake."

Mume wake, mtu mpole asiyependa kelele, alianza kupewa pole kazini. Alizikataa? Aliitikia "asante" tu, akaja nyumbani na keki ya watu. Waliila wote, naye Mama Nikwambie akala kipande cha kufarijiwa kwa kuachwa na yeye mwenyewe.

Siku iliyofurisha kikombe ni siku alipobisha hodi mwanamke mmoja mrembo, kajifukiza udi, kabeba chungu cha mchuzi. Alimtazama Mama Nikwambie kuanzia kitambaa hadi ndala.

"Wewe ndiye pacha, eti? Mpe baba huu mchuzi. Mwambie sitaki haraka, moyo wake upoe kwanza. Na hayo mapazia nitakuja kuyabadilisha mwenyewe."

Aliupokea mchuzi. Akauweka mezani. Akakaa akatazama mapazia, ambayo aliyashona kwa mkono. Kipindi wamechukua, sebule wamechukua, kamba za nguo wamechukua. Sasa ilibaki jina lake la mke, na hilo nalo lilikuwa limeshaletewa chungu.

Akachukua ungo wa mchele wa jioni, akaingia studio. Ilikuwa saa ya maua. Akalisogeza jagi pembeni, akakaa kitini, akaanza kuchagua mchele. Anatoa kijiwe, anakitazama, anakitupa. Fundi alimwona kupitia kioo, akakuna kichwa, akaendelea kunywa chai.

Simu ya kwanza ililia kabla hajamaliza upande mmoja wa ungo. Ya pili ikaipanda. Majirani wakajaa dirishani kati ya mashuka. Shemeji, aliyekuwa amejipumzisha, akatokea mbio kwenye chumba cha mitambo amevaa fulana na taulo.

"Zima!"

"Ulisema hata ukija wewe mwenyewe," fundi alijibu.

"Nakwambia zima!"

"Umechanganyikiwa?"

"Ndiyo, nimechanganyikiwa!"

"Basi ndiyo hiyo uliyoisema."

Shemeji akajitosa studio kumtoa kwa mkono, akakuta kamera inamkodolea. Papo hapo sauti ikamgeuka, ikawa ya asali. Akashika taulo kwa mkono mmoja.

"Wapendwa watazamaji, kama mnavyoona, mama yetu amerejea salama. Karibu nyumbani, shemeji! Habari za huko?"

"Huko wapi?" Mama Nikwambie aliuliza, macho kwenye mchele.

"Huko... ulikokuwa."

"Taja mji."

"Ni mbali, shemeji, hata jina lake ni gumu."

"Nilikwenda na nini?"

"Na ndege."

"Ya rangi gani?"

Shemeji akakohoa. Taulo likashuka kidogo, dirishani mtu akapiga kigelegele. Wakati huo mume wake alikuwa amefika mlangoni na mfuko wake wa kazini, anatazama yote kama mtu aliyepotea njia akaingia mahakamani.

"Baba Watoto," Mama Nikwambie alimwita, "sogea hapa watu wakuone. Jana usiku nililala wapi?"

Mume akaitazama kamera. Akamtazama mdogo wake. Akamtazama mkewe, na ukimya ule, wote umelipiwa, ulifika nchi nyingi kwa wakati mmoja.

"Ukutani," alisema. "Siku zote unalala upande wa ukutani. Na blanketi unavuta lote."

Hakuwahi kusema mengi kiasi kile tangu waoane. Mji ulilipuka. Mwanamke wa mchuzi alituma mtu kufuata chungu chake.

Kipindi alirudishiwa, kwa sababu simu zilikataa kunyamaza, na Shemeji hawezi kuona nafasi iliyolipiwa ikitukanwa. Wifi alirudi kusoma habari, na kucha zake hazijavunjika. Lakini kila wiki, anapomkaribisha, Shemeji husema, "Baada ya safari yake ndefu, tunaye tena..." Naye humwacha amalize, kwa sababu ni hewani, na wageni wanaangalia.

Kuomba radhi ameshajaribu, jikoni, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Mama Nikwambie hakuipokea. Alimwambia aibebe radhi yake arudi nayo, kwani hakumsafirishia jikoni, alimsafirishia hewani. Mume alishalipa ya kwake siku ile, mbele ya kamera. Wifi hadaiwi. Anayedaiwa ni Shemeji peke yake, tena maneno machache tu: kwamba hakwenda popote, na aliyemsafirisha ni yeye. Ayaseme mbele ya kamera, amevaa shati. Mpaka leo hajayasema.