Picha za Mafanikio ya Chama

Kazi ya kupiga picha mafanikio ya chama niliipata kwa sababu studio yetu ya mtaa wa Buyenzi bado ilikuwa na filamu. Wapiga picha wengi wa mjini walikuwa wameishiwa, wengine walishahama. Mimi nilirithi studio kwa baba, na katika miaka ile ya vita kazi yangu karibu yote ilikuwa picha ndogo za kitambulisho. Watu walikaa, wakatazama mbele, wakaondoka. Hata kuwaambia watabasamu nilikuwa nimeacha.

Chama kilichokuwa madarakani kilitaka kutundika picha kubwa ukumbini mwake, wananchi waone kilichojengwa licha ya vita. Aliyetumwa kwangu alikuwa katibu wake wa habari, mama mmoja wa Kinanira, mrefu, mwenye sauti ya chini. Nilimwita Madamu kama walivyomwita wote. Asubuhi alinipitia kwa pikapu ya chama, dereva akiwa usukani na redio imezimwa.

Tulianzia shule moja ya Mutanga Nord iliyoezekwa mabati mapya. Katika nusu ya madarasa walikuwa wanalala wakimbizi, basi Madamu akawaomba wasogeze masufuria yao nje ya picha. Walisogeza kama watu waliozoea kusogezwa. Kisha tukaenda kiwanda cha sabuni kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, ambako waliwasha mashine moja kwa ajili yetu na kuizima tulipogeuza mgongo. Nilipiga. Sikuwa na hasira wala furaha. Nilikuwa na njaa.

Mwisho tulikwenda kituo cha afya upande wa kaskazini, katika mtaa ambao watu walikuwa wameukimbia na sasa wanarudi mmoja mmoja. Kituo hicho ndicho ambacho chama kilikuwa kinajivunia zaidi. Kuta zilinuka rangi mbichi. Mlangoni tulimkuta mlinzi tu.

"Nesi yuko wapi?" Madamu aliuliza.

"Amekwama barierini, Madamu. Wanajeshi wamefunga njia ya juu tangu asubuhi. Huko milimani kunalia risasi."

Madamu akaniambia nipige picha mlango na vitanda, twende zetu. Lakini tulipoingia ndani tulikuta mwanamke amelala kwa ubavu juu ya benchi, ameuma kitenge chake, na mama mkwe wake anamsugua mgongo. Walikuwa wamekuja kwa miguu. Walidhani kuna mtu.

Madamu alisimama pale mlangoni. Nilimwona anafunga macho, kama mtu aliyefika nyumbani baada ya kazi akakuta kazi nyingine inamsubiri. Kisha akavua koti, akanikabidhi.

"Maumivu yameanza lini?" alimuuliza yule mwanamke.

"Tangu jana."

"Ya kwanza hii?"

"Apana. Ya tatu. Wawili sinao tena."

Madamu alikunja mikono ya blauzi, akageuka kwangu. "Mi nilikuwa mkunga kabla sijaingia siasa. We na dereva mutafute maji."

Bomba la kituo lilikuwa jipya, linang'aa, na nilipolifungua lilitoa upepo. Dereva akachukua bidoni tupu, akaenda kugonga kwa jirani. Alirudi na maji nusu bidoni na sabuni ya kuazima. Tuliyapitisha mlangoni, tukabaki nje tumekaa chini ukutani. Kwa mbali milio ya risasi iliendelea. Dereva alikuwa Mkristo, mimi Mwislamu. Nilimwona midomo yake inatembea, na yangu pia ilikuwa inatembea.

Mtoto alitoka kabla ya alasiri. Hakulia. Tulisikia Madamu anampigapiga kwa kiganja, anasema na mtu ambaye si mmoja wetu, kwa Kirundi, polepole, kama anayembembeleza mgeni aingie ndani. Mama mkwe akaanza kuomba kwa sauti. Halafu kikaja kilio chembamba, cha hasira. Dereva aliinamisha kichwa magotini.

Tulipoitwa ndani, mama alikuwa ameegemea ukuta, mtoto kifuani. Nilimuuliza kama naweza kumpiga picha.

"Piga," alisema. "Siku nikiondoka, atajua sura yangu."

Nilipiga. Hakutabasamu, lakini alinitazama sawasawa, na sikuwa nimetazamwa hivyo na mtu kwa muda mrefu. Madamu alijiondoa kwenye picha, akasimama dirishani anafuta mikono.

Picha ile ndiyo ikawa kubwa kuliko zote ukumbini. Mkubwa wa chama aliichagua mwenyewe, akaagiza iandikwe chini yake kwamba kituo kinahudumia akina mama saa zote. Nilikuwa juu ya ngazi nagonga misumari Madamu alipoyasoma maneno hayo.

"Nesi hakuwepo," alimwambia yule mkubwa, aliyekuwa anakagua ukumbi. "Hata maji tuliomba kwa jirani."

"Lakini mutoto yuko, Madamu."

"Yuko. Mama yake alimleta kwa miguu."

Yule mkubwa alivua miwani, akajisugua macho. Naye alikuwa amezeeka katika miaka ile michache. "Tumechoka wote," alisema. "Uwaache watu waone kitu kimoja kizuri."

Maneno hayakuondolewa. Siku ya kufungua maonyesho, Madamu alisimama kando ya picha, amevaa kitenge cha chama, na kila aliyeuliza alimweleza kwa sauti yake ile ya chini: nesi alizuiliwa njiani, bomba lilikuwa kavu, jirani alitoa maji, mama alijifungua salama. Hakulaumu mtu. Wengine walitikisa kichwa wakapita kwenye picha ya mabati. Bibi mmoja alibaki, akamshika mkono.

Baada ya hapo Madamu hakuitwa tena kwenye mikutano ya chama. Nilisikia anakwenda kituoni siku ambazo njia iko wazi, na kwamba amewasumbua watu wa maji mpaka bomba limetoa maji. Sijui kama ni yeye au ni bahati. Jina lake halikutajwa popote.

Alikuja Buyenzi mara moja kuchukua nakala ya picha ampelekee yule mama. Nilimwambia karatasi bado zinakauka, akae kidogo. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya pazia langu lililochorwa maua na ngazi za jumba la kitajiri, na nilipotoka chumba cha giza nilimkuta amelala, mdomo wazi kidogo, mkoba umemteleza magotini.

Watu wa vitambulisho walikuwa wanasubiri mlangoni. Niliwaomba wangoje. Mmoja aliona kivuli, akakaa chini, wengine nao wakakaa.

Alipoamka alitengeneza kilemba chake, akachukua bahasha, akaniambia, "Usiku mwema, kijana wangu," na ilikuwa bado mchana.