Mashine Iliponyamaza

Usiniulize nilikuwa nimekunywa nini, pombe sijawahi kuonja. Haya yalinipata mchana kweupe kule kisiwani Mfangano, ndani ya chumba changu cha gemu.

Siku hiyo wateja wangu wote walikuwa wamevuka kwenda mazishi Takawiri. Mke wangu naye alikuwa amerudi kwao Kegonga, na simu zangu hashiki tena. Basi nikajiwekea mpira, nikawa nacheza na mashine.

Akaingia jamaa nisiyemjua, shati limefungwa vifungo hadi shingoni.

"Omera, ndugu yangu, mbona unacheza peke yako?"

Nikampa kiti na padi ya pili ya kuchezea. Niamini, nilifurahi kupita kiasi.

Mashine yangu ni ya zamani, diski ikizunguka inanguruma kama feni mbovu. Nikamwambia nataka kuhamishia gemu kwenye diski kuu iliyo ndani ya mashine, labda picha zitang'aa zaidi.

"Picha haitabadilika," akasema. "Nyuso ni zilezile, uwanja ni uleule. Pengine hazitachelewa kutokea, basi. Lakini kelele itaisha. Una hakika unataka iishe?"

Swali gani hilo? Nikacheka, nikabonyeza. Tulipokuwa tukingoja akaniuliza habari za mke wangu, nikamwambia yote. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza.

Gemu ikaanza. Kweli, picha ilikuwa ileile. Ila chumba kilinyamaza kabisa, nikasikia pumzi yangu. Yangu tu. Na huyu mtu bega lake limegusa langu! Nikajizuia kupumua ili nisikilize vizuri. Hakuna kitu. Wewe ungefanya nini?

"Umesikia," akasema polepole, macho yake yakiwa kwenye skrini. "Wote wakisikia hukimbia. Tumalize hii mechi tu, ndugu yangu?"

Nilikimbia hadi ufuoni, nikakaa huko mpaka boti za waombolezaji ziliporudi. Nilipoingia chumbani na jirani yangu, hapakuwa na mtu. Mechi ilikuwa imeisha, sare bila bao. Hakutaka kunifunga nikiwa sipo.

Siku hizi napanga Homa Bay mjini, chumba kilichopakana na mashine ya kusaga unga. Bila ile kelele silali. Nawe unayekaa peke yako, nakuomba: mgeni akiingia, msikilize kwanza anavyopumua, kabla hujamwambia ya moyoni. Ukishamwambia, utamkumbuka. Mimi kuna jioni wanazima kinu, nami naacha mlango wazi.