Makemba ya Benoît kwenye Njia ya Mubi

Kanyamibwa alirudi Masisi na ushindi, na baba yake mzazi akamtemea mate miguuni.

Mbele za watu! Mimi nikikumbuka kisa hiki damu inanichemka hadi leo. Sikilizeni.

Ilikuwa Kongo, wakati wa vita vya wazungu, miaka ya arobaini. Mzee Nzabonimpa, baba yake, alikuwa akivunja mawe ya barabara kwa lazima, na mgongo ulikuwa umekwisha.

Muzungu wa Leta, yaani serikali ya Wabelgiji, akatangaza mbio za siku tatu. Masisi hadi Kashebere, halafu Walikale, halafu Mubi. Mshindi angemtaja mtu mmoja wa kwao aachishwe mawe.

Kanyamibwa akaona Mungu amemkumbuka.

Siku ya kwanza alichomoka kama mbuzi aliyekata kamba. Akafika Kashebere wa kwanza, tumbo tupu. Kwao mtu mzima hali njiani watu wakimwona. Ni aibu, basi.

Siku ya pili, katikati ya msitu, miguu ikagoma. Akaketi chini, njaa imemshinda.

Nyuma yake akatokea Benoît, mwindaji wa Walikale, mwendo uleule wa jana, huku anatafuna makemba, zile ndizi kubwa za kuchoma, na chumvi.

"Kaka, kula."

"Miye si mbuzi ya kukula mu njia!"

Benoît, aliyekwisha kusikia habari za mzee, akawaka. "Heshima yako njo itavunja majiwe pa fasi ya papa yako? Kula, bwana!"

Hilo la heshima kuvunja mawe mahali pa baba yake lilimchoma Kanyamibwa. Akageukia mti, akajifunika nguo kichwani, akala. Makemba, karanga, asali kidogo, na machozi ya hasira juu yake. Baada ya muda miguu ikarudi.

Siku ya tatu walienda pamoja, wakila kidogo kidogo. Mubi ilipoonekana, Benoît akamshika mkono.

"Pole pole, kaka. Ule muzungu iko naangalia saa, haiko naangalia sisi. Tufike pamoya, tukiwa tumechoka."

"Sema unaogopa kushindwa!"

Akajinasua. Akatimua mbio kwa nguvu za makemba ya Benoît mwenyewe, huyo Kanyamibwa mjinga, akashinda. Muzungu akatazama saa, akacheka.

Kanyamibwa alirudi kwao akichechemea. Amri ilikuwa imemtangulia kwa pikipiki ya muzungu.

Mzee Nzabonimpa ameachishwa mawe, kweli. Sasa yeye na wanaume wote wa kilima watabeba chakula cha wachimbaji wa madini, kwa miguu hadi Mubi, kwa siku tatu. Atakayechelewa, kiboko.

"Siku tatu? Na mizigo?" Kanyamibwa akauliza.

"Si weye njo ulibaonyesha kama inawezekana?" mzee akamjibu.

Akamtemea mate miguuni, akainama, akajitwika gunia.

Ndugu zangu, kuleni mapema, msingoje njaa iwaangushe. Lakini anayekupima mwendo usimwonyeshe nguvu zako zote. Kesho atamdai baba yako mwendo huohuo.