Ochieng' Wawili wa Remba

Nilifunga safari ya Remba kwa sababu mama alikataa kumzika ndugu yake kwa uvumi. Mwanamke mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alileta habari sokoni Uriri kwamba mjomba wangu Ochieng' alizama ziwani na mwili wake haukuonekana. Mwingine akasema la, alimwona juzi tu kisiwani Remba akila chapati. Mjomba Elisha, kaka yao mkubwa, aliishika ile habari ya kwanza. Kwetu, mtu akipotelea majini, watu huzika mahali pake tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia mtini kama mtwangio, ili roho yake itulie na walio hai wapumzike. Elisha alikuwa amekwisha kuchagua mahali pa kuchimba.

"Nenda na ile kamera yako," mama akaniambia. "Uniletee uso wake. Nikiuona nitajua kama nilie au ninyamaze."

Yeye mwenyewe asingeweza kwenda, mguu ulikuwa umemvimba tangu masika. Nami mjomba huyo sikumjua. Aliondoka nikiwa mchanga, baada ya kugombana na Elisha, akaapa kwamba hatalitaja tena boma lile. Picha yake haikuwapo nyumbani. Nilipouliza nitamtambuaje, mama alijibu, "Anafanana nami," akaona amemaliza.

Wakati huo, miaka ya tisini, nilikuwa nafundisha watoto wadogo hapo Uriri. Kamera niliachiwa na mwalimu mgeni aliyerudi kwao. Ilikuwa nzito, ya zamani hata kwa siku zile, na kipimo chake cha mwanga kilikuwa kimekufa. Nilikisia mwanga kwa kutazama kivuli changu chini. Nilikuwa nikipiga picha za wanafunzi, harusi, kuku wa jirani, chochote.

Asubuhi ya safari nilipata nafasi katika pikapu ya mfanyabiashara aliyekuwa akienda ziwani na magunia matupu. Hadi Homa Bay sikutoa kamera mkobani, kwa kuogopa vumbi. Pale sokoni nilimpiga picha mama mmoja akishona sare za shule barazani, kisha nikaona haya, maana sikumwomba ruhusa. Yeye aliinua uso akaniuliza kama nimetoka serikalini. Nikasema natoka Uriri. Akarudia, "Uriri," kama mtu anayesikiliza kama neno hilo lina uongo ndani yake, akaendelea kushona.

Baada ya Homa Bay barabara ilipita bonde la Lambwe. Pikapu ilisimama injini ipoe, na mchungaji mmoja akaja kututazama. Aliomba nimpige picha pamoja na fahali wake. Nilipomaliza alinyoosha mkono apewe picha, nikamweleza kwamba bado imo ndani, kwenye filamu, mpaka ioshwe Migori.

"Kwa hiyo wewe unaenda nami Migori," alisema, "na mimi nabaki hapa?"

Nilijaribu kumweleza tena mpaka pikapu ikawashwa. Fahali na yeye wote walinitazama tukiondoka.

Mbita tulifika jioni. Nililala kwa rafiki wa mama wa kanisani, na kulipokucha nikapanda boti ya injini.

Remba, ukiiona kwa mbali, unadhani mtu amemwaga mabati juu ya mwamba. Ukikaribia unasikia redio nyingi zikiimba kwa pamoja. Watu wamebanana hadi huwezi kujua nyumba ya huyu inaishia wapi na ya yule inaanzia wapi, na penye nafasi kidogo omena wameanikwa juu ya nyavu kuukuu. Niliingia katika hoteli ya Mama Akoth, mwanamke mnene mpole aliyepika samaki wa mbuta na ugali, nikamweleza haja yangu: namtafuta Ochieng', ndugu ya mama yangu, Turfosa wa Uriri.

"Ochieng' gani, nyathina, mwanangu? Hapa wamejaa. Lakini wanaosemekana ni wa huko kwenu ni wawili. Mmoja anashona nyavu, mwingine anatengeneza injini."

Wa nyavu hakuhitaji kutafutwa. Kabla sijamaliza chai alikuwa amesimama mlangoni, mwanamume mwembamba, macho yamemlowa.

"Mimi ndiye mjomba wako," alisema, akanishika mikono yote miwili.

Nilifurahi. Alikwenda kuazima koti, akalivaa, akasimama mbele ya ukuta wa bati wima kama askari, nami nikampiga picha. Kisha tukakaa, akauliza habari za nyumbani.

"Na mama yetu? Siku ninaondoka alilia sana."

Hapo nikapotea. Bibi yangu alikufa Ochieng' akiwa bado ananyonya, na mama yangu ndiye aliyemlea. Lakini niliwaza, pengine anamwita dada yake mama, kwa kuwa alimlea. Nilimtazama pua, nikaona ni ya mama. Nikamtazama tena, nikaona ni pua tu.

Mchana nilishuka ufukweni kumtafuta wa pili. Alikuwa ameinama juu ya injini, mtu mnene, mafuta meusi mpaka viwikoni. Nikamsalimu kwa heshima, nikamtajia mama yangu, Turfosa wa Uriri.

"Sina dada Uriri," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi ni mtu wa Shirati, Tanzania."

"Samahani, mzee. Nimeelekezwa vibaya."

Nilikuwa nimegeuka niondoke aliposema, "Huyo mama yako, mbona hakuja mwenyewe?"

"Anaumwa mguu."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

Alikaza nati moja kwa muda mrefu kupita nati yoyote niliyopata kuona ikikazwa. Kisha akatazama kamera. "Nasikia unapiga picha. Mimi sitaki kupigwa. Ila injini hii ni mpya, ukitaka ipige. Nikionekana kando yake, si kosa langu."

Jua lilikuwa nyuma yake, na maji yote yalikuwa yanang'aa. Nilimwomba asogee, akakataa. Nilitazama kivuli changu, nikakisia, nikabonyeza. Hakutabasamu wala hakukwepa.

Nilimuuliza Mama Akoth yupi ni yupi. Alikuwa akipangusa meza. "Yule anayesema ndiye, huwaambia hivyo wageni wengi. Yule anayesema siye, sijui. Hapa hatuulizani sana."

Nilirudi kwa njia ileile, kichwa kizito. Mjini Migori niliiacha filamu studio, na nilipozifuata picha fundi akanilaumu: "Huyu wa injini umempiga kinyume na jua." Kweli, upande mmoja wa uso ulikuwa giza, wa pili ulikuwa umeliwa na mwanga. Injini peke yake ndiyo iliyotoka vizuri.

Nyumbani mama aliipokea kwanza picha ya mshona nyavu. "Huyu simjui," alisema, lakini hakuiweka chini upesi. Kisha akashika ya pili. Alikaa nayo mpaka nikadhani amesahau kwamba nipo.

"Amenenepa," alisema mwishowe, na machozi yakamtoka.

Mjomba Elisha alipoletewa picha hiyo aliipeleka mlangoni, akaigeuza huku na huku. "Huyu siye," alisema.

"Ndiye," mama akasema.

"Turfosa, hapa hakuna hata uso."

"Hilo bega nimelibeba mgongoni, Elisha."

Wazee wa ukoo waliitwa, picha ikazunguka mkono kwa mkono, na kila aliyeishika alisema lake. Mwishowe waliamua kwamba hawawezi kuzika tunda mahali pa mtu ambaye dada yake anasema yu hai. Elisha aliondoka bila kuaga. Mpaka leo sijui kama hakumtambua, au alimtambua mara moja.

Mimi niliondoka Uriri nikiamini kwamba picha itamaliza maneno. Niliyojifunza ni kwamba inaleta uso tu. Anayeutazama ndiye anayesema ni wa nani, na wawili wanaweza kuutazama wasikubaliane, na mpigaji mwenyewe asijue.

Mama aliniomba nimtolee mshona nyavu nakala ya picha yake. Tulimpa mwanamke wa omena aipeleke, pamoja na salamu kutoka kwa dada yake Turfosa.

"Lakini mama, si umesema humjui?"

"Simjui. Yeye ndiye aliyetaka dada."

Nikamuuliza yule wa injini tumpelekee nini. Mama alikuwa akijikanda mguu.

"Yeye tusimpelekee kitu," alisema. "Njia anaijua."